Hadithi ya Bibi Yangu Ilipita Little Steeping

Mlango wa kanisa la Mtakatifu Andrea ulikuwa umefungwa.

Nilijaribu kitasa mara mbili kwa mkono mmoja, mara ya tatu kwa mikono yote miwili, kwa kuwa milango ya makanisa ya mashamba huku huwa mizito na mingine hutaka kusukumwa kwa bega. Haukujongea. Nikalizunguka kanisa kwa nje, taratibu, nikipita baina ya makaburi yaliyoinama. Jiwe lililojengewa ni la kijani, kijani cha mwani uliokauka juani, na ni laini kiasi kwamba ukilipitishia kidole linaacha chenga. Nilisimama upande wa kusini, chenga kidoleni, upepo unavuma kutoka mashambani, nikajiuliza kwa sauti, kwa Kiswahili, nimefuata nini hapa.

Hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Little Steeping ni kijiji kidogo cha Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Nyumba chache za matofali mekundu, kanisa, mto, na mashamba mpaka macho yachoke. Nimeishi miaka minne Skegness, mji wa pwani ulio karibu, na jina la kijiji hiki sikuwahi kulisikia. Mgeni hana sababu ya kwenda. Mimi nilikuwa nayo, na ilikuwa imeninyima usingizi tangu Julai.

Sababu yenyewe ni kima na papa.

## Paukwa

Hadithi mnaijua, sitaisimulia. Nitasema tu sehemu niliyokuwa nikiingoja kila bibi alipoanza: wako katikati ya bahari, kima juu ya mgongo wa papa, na papa ameshamwambia ukweli kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima.

Hapo bibi alikuwa akinyamaza.

Anachambua mchele kwenye ungo, vidole vinakwenda, mdomo umefungwa. Sisi wajukuu tunamtazama. Hata yule mkubwa wetu, aliyeisikia mara hamsini, alikuwa anaacha kupumua. Kisha bibi anasema, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kwamba ungeniambia mapema, maana sisi kima tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini.

Bibi alikuwa mtu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mama wa mama yangu. Amefariki siku nyingi. Mimi sasa nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na katika zamu za usiku kuna saa moja hivi, baina ya saa tisa na saa kumi, ambapo wote wamelala na mashine za kufulia zimenyamaza. Saa hiyo huwa nasoma kwenye simu. Usiku mmoja wa Julai nilifungua kitabu cha zamani kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili uliochapishwa London mwaka 1870.

Kima alikuwamo.

Na mkuyu wake alikuwa nao, mti mkubwa ulioota kilindini, nusu ya matawi yake yako mjini na nusu yako baharini. Na ile sentensi ya bibi ilikuwamo, karibu neno kwa neno. Nywele zilinisimama. Kwanza ilikuwa furaha tupu, kama kumkuta bibi amekaa kwenye kiti cha ukumbini ananisubiri. Nilirudi ukurasa wa mwanzo kuona ni nani aliyeiandika.

Edward Steere. Na chini ya jina lake, cheo chake: padri wa Little Steeping, Lincolnshire.

Nilifungua ramani. Kilomita zisizofika ishirini kutoka nilipokaa.

Furaha ikaanza kubadilika, na nilikuwa sijajua bado inageuka kuwa nini.

## Njia ya kutoka Spilsby

Nilikwenda wiki ya mwisho ya Agosti, siku yangu ya mapumziko. Basi lilinishusha Spilsby, kimji cha soko, mbele ya sanamu ya Sir John Franklin, mzaliwa wa hapo aliyekwenda kutafuta njia ya meli kwenye barafu ya kaskazini na kufia huko mwaka 1847, na watu wake wote nao wakaangamia huko. Nilimtazama kidogo. Watu wa nchi hii tambarare wamekwenda mbali sana, na baadhi yao hawakurudi.

Kutoka Spilsby nilishika miguu. Unapita Halton Holegate, kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa mwisho wa vilima, na hapo barabara inazama baina ya kingo mbili za jiwe la mchanga, miti imefungana juu yako. Halafu unatokea.

Sikuwa nimejiandaa kwa nilichokiona.

Nyuma yangu vilima vya Wolds, mbele yangu hakuna kitu kilichoinuka. Ardhi imelala. Mitaro imenyooka kama uzi wa fundi mwashi, mashamba yamekatwa pembe nne, na mbingu imeshuka mpaka chini pande zote. Mwenye kuijua pwani ya Makunduchi ataelewa nikisema palionekana kama bahari iliyokupwa: ule weupe mrefu unaokwenda mpaka kwenye mwamba, ambapo wanawake wanaonekana kama nukta, wameinama, wanatafuta pweza.

Na kweli palikuwa maji. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 sehemu kubwa ya tambarare ile ilikuwa kinamasi na mabwawa, na watu wake waliishi kwa kuvua, kutega bata na kufuga mabata bukini. Kisha mifereji mikubwa ikachimbwa kwa mpango wa mhandisi John Rennie, maji yakaongozwa baharini, na waliokuwa na mashua wakatakiwa wawe na majembe. Kwa hiyo wazee aliowakuta Steere alipofika pale walikuwa wamezaliwa kwenye maji na kuzeekea kwenye ngano.

Maji hayajasahau. Juni 2019 mvua ilinyesha siku mfululizo, Mto Steeping ukavunja tuta lake chini kidogo, karibu na Wainfleet, na mamia ya nyumba yakahamwa huku helikopta za jeshi zikidondosha mizigo ya mchanga na mawe kuziba pengo. Wazee kadhaa tunaowatunza wanaizungumzia wiki ile kama sisi tunavyozungumzia mwaka wa njaa.

Siku niliyopita mimi palikuwa pakavu. Walikuwa wanavuna. Mashine moja kubwa ya kuvunia ilikwenda na kurudi, vumbi la rangi ya dhahabu likaifuata, na mwewe wenye mikia ya panda walikuwa wakizunguka juu yake wakingoja panya waliokimbizwa. Nikatembea kando ya konde la ngano nikiwa na ngano ya bibi kichwani, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia kwamba neno ni lile lile.

Kuna jambo la nchi hii ninalolipenda kwa moyo wote, na sijui kama wenyewe wanajua thamani yake: njia za miguu. Unakuta mshale mdogo wa njano umepigiliwa kwenye nguzo ya mbao, na mshale ule unakuruhusu kukatisha shamba la mtu, kupita nyuma ya zizi lake, kufungua lango lake na kulifunga. Mimi, mwanamke mwenye mtandio, peke yangu, nilipita katikati ya mali ya watu nisiowajua kwa zaidi ya saa moja. Mkulima aliyekuwa juu ya trekta aliinua mkono. Nikainua wangu.

## Mikono ya shati iliyokunjwa

Sasa nimseme Steere, kwa sababu wiki zote zile nilikuwa nikigombana naye kichwani.

Nilikuwa nikimjua tangu utoto bila ya kumjua. Kila mtoto wa Unguja aliyepelekwa na skuli kuangalia kanisa la Mkunazini amepita karibu na kaburi lake, nyuma ya madhabahu. Mimi ni Muislamu. Siku ile nilishika mkono wa mwenzangu kwa woga wa kuingia, na nilichokumbuka baadaye ni vyumba vya chini vyenye minyororo na ule msalaba wa mti, ambao mwalimu alituambia umechongwa kutokana na mti uliozikiwa moyo wa Livingstone kule Ilala, katika Zambia ya leo. Moyo chini ya mti. Hata wakati ule nilimfikiria kima.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria, akaiacha, akawa padri. Alihudumu Skegness ilipokuwa bado kijiji cha wavuvi, na watu wa hapo walimwita mtu wa mikono ya shati, yaani asiyeona haya kukunja mikono na kufanya kazi. Kisha akapewa Little Steeping. Jirani yake, padri wa Burgh le Marsh, aliitwa William Tozer. Tozer alipofanywa askofu wa misheni iliyokuwa imepata msiba mkubwa kule Mto Shire, katika Malawi ya leo, Steere alisema atamsindikiza rafiki yake kwa mwaka mmoja au miwili.

Waliondoka 1863. Agosti 1864 wakawa Unguja.

Mkewe alibaki Uingereza.

Huko Unguja alianza kuuliza maneno. Alikaa na watu wa mjini, akawasikiliza, akaandika wanavyosema. Mwaka 1868 alirudi Lincolnshire, kwenye kanisa lake la jiwe la kijani, na miaka ile aliyokuwa nyumbani ndiyo iliyotoa vitabu viwili vya 1870: kile cha hadithi, na kile cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kama kinavyozungumzwa Unguja. Mwaka 1872 akarudi tena kwetu. Soko la watumwa lilipofungwa 1873, jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale siku ya Krismasi. Mwaka uliofuata akawa askofu. Alifariki Unguja Agosti 1882, na wenzake wa Lincolnshire hawakumsahau: mwanzoni mwa karne ya 20 kanisa la Little Steeping lilitengenezwa upya kwa kumbukumbu yake.

Nilipokuwa nimesimama nje ya mlango uliofungwa nilimwona. Usiku wa baridi, taa ya mafuta, kurasa za kusahihisha zimetoka London kwa reli, na mtu mmoja kwenye tambarare hii anainama juu ya maneno *kilindi*, *mkuyu*, *punda wa dobi*, yule punda ambaye kima anamsimulia papa mwishoni. Asubuhi anakwenda kumzika mkulima. Jioni anarudi kwa papa.

Siwezi kumchukia mtu aliyekuwa na subira ya namna ile na lugha ya bibi yangu.

## Kilichonikera

Lakini kulikuwa na jambo, na wiki sita lilikuwa likinitafuna kama mchwa.

Mwanzo nilidhani ni jina. Jaladani pameandikwa kwamba hadithi zimesimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Wenyeji. Mkusanyaji ana jina kamili, ana shahada, ana kijiji. Pale jaladani, waliokuwa na hadithi vinywani wamepewa kisiwa kizima wagawane. Nilikasirika, na bado nadhani nilikuwa na haki.

Kisha nikadhani ni swali la asili. Kitabu kile kilichapwa tena na tena, na hadithi zake zikasomwa katika skuli za misheni. Bibi hakusoma skuli. Alisoma chuo cha Kurani tu. Lakini utotoni alikaa mjini miaka miwili kwa jamaa zake. Je, aliisikia kwa mamake Makunduchi, au aliisikia kwa mtoto wa jirani aliyeisoma darasani? Ikiwa ni ya pili, basi hadithi ilitoka mdomoni mwa mtu wa Unguja, ikavuka bahari, ikakaa Little Steeping, ikapigwa chapa London, ikarudi Unguja ndani ya kitabu, ikaingia tena mdomoni mwa mtu, na mwisho wa safari hiyo ndipo ilipofika kwenye ungo wa bibi.

Hili lilinisumbua kweli. Nilitaka hadithi iwe imekuja kwangu kwa njia ya vinywa tu, bibi kwa bibi, bila ya kupita kwenye meza ya mgeni.

Ila kilichonikera hasa sikukijua mpaka nilipokuwa kwenye ile njia ya miguu, kando ya konde lililovunwa.

Nilikuwa najisimulia hadithi kwa sauti. Nikafika pale katikati ya bahari. Nikanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza. Kisha nikasema ile sentensi, na nilipoisema nikasimama.

Bibi hakuisema hivyo.

Bibi yangu alikuwa akizungumza Kikae, lahaja ya Makunduchi. Nyumbani kwake hapakuzungumzwa kingine. Sentensi ninayoibeba moyoni tangu utoto, ninayoapa kuwa naisikia kwa sauti yake, iko kwa Kiswahili cha skuli. Nilijaribu kuirudisha kwa maneno yake. Nilifumba macho. Niliuona ungo, niliona vidole, nilisikia harufu ya mchele na moshi wa makumbi ya nazi. Maneno hayakuja. Sauti ni yake na maneno ni ya kitabu.

Niliketi kwenye ngazi ya mbao inayovusha watu ua wa michongoma, nikalia.

Mnajua ilivyokwenda. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na mashairi ya karne nyingi na kikakosa. Kikae hakikuwa hata kwenye mashindano. Kazi ya Steere ilikuwa miongoni mwa zilizokitengenezea Kiunguja njia, kwa sababu kilikuwa tayari na kitabu cha sarufi, hadithi na tafsiri. Skuli, sisi watoto wa shamba tulichekwa kwa namna tulivyotamka. Tukajirekebisha upesi. Watoto hujirekebisha upesi sana.

Na siwezi kusema kwamba sikufaidika. Mwenzangu wa zamu ya usiku anatoka Bukavu. Kiswahili chake kina njia zake, changu kina zangu, na tunakutana katikati kila siku. Tumeshawahi kulia pamoja na kucheka pamoja kwa lugha hiyo, ndani ya jikoni la Lincolnshire. Lugha sanifu imenipa dada ambaye Kikae kisingenipa. Hilo nalijua na nalishukuru.

Lakini bei yake ilikuwa sentensi ya bibi, na hakuna aliyeniambia kwamba nalipa.

## Mzee wa kando ya mto

Kuna mzee mmoja kazini, amepita miaka tisini, mtoto wa wakulima wa pande hizi. Asubuhi namsaidia kuvaa soksi na tunazungumza. Mara ya kwanza aliposema *beck* sikumwelewa. Alikuwa anataja kijito kilichopita nyuma ya nyumba yao. Nilimwambia kwamba mimi nilifundishwa neno jengine. Akasema ndiyo, hata mwalimu wake alimfundisha jengine, kwa rula, kwenye vifundo vya vidole.

Alininyoshea mkono wake nione. Hapakuwa na alama yoyote baada ya miaka themanini na zaidi. Lakini alijua ni vidole gani.

Neno lile lililetwa na watu wa Skandinavia waliokuja kwa mashua katika karne ya 9. Wao ndio waliozaa Spilsby, Firsby, Candlesby, kila mji wenye *by* mwishoni, maana kwao *by* ni makazi. Walikuja kwa upanga, wakabaki na majembe, na maneno yao yakazama kwenye udongo mpaka mjukuu wa mjukuu akachapwa rula kwa kuyasema, kama kwamba yeye ndiye mgeni.

Nilipomwambia nakwenda Little Steeping kwenye mapumziko yangu, alishangaa. Aliniuliza nani yuko huko. Nikamwambia bibi yangu, kwa namna fulani. Hakuniuliza zaidi. Alisema nipite ukingoni mwa mto, nisipite barabarani, kwa sababu jioni kuna ndege.

## Simu Makunduchi

Basi nikaufuata mto. Mto Steeping huku umenyooshwa na watu, umefungwa kwa matuta, na unatembea polepole kuelekea bahari ya Gibraltar Point. Nilipanda juu ya tuta nikakaa kwenye majani. Mbele yangu maji ya rangi ya chai, upande wa pili ng'ombe, na korongo wa kijivu amesimama kwenye kina kifupi kama mtu aliyesahau alichokuja kukifanya.

Nikampigia shangazi. Ni dada wa baba, lakini alilelewa na bibi yule yule mzaa mama, kama mnavyojua koo za shamba zinavyofungana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mbona upepo hivyo, uko juu ya bati?"

Nilimweleza nilipo. Nilimweleza padri, kitabu, mwaka 1870. Alinisikiliza kwa heshima kama anavyowasikiliza madaktari. Mwisho nikamuuliza swali langu la wiki sita: bibi aliipata wapi hadithi ya kima na papa?

"Kwa mamake."

"Na mamake?"

"Kwa watu, mwanangu. Hadithi hupatwa kwa watu."

Nikamuuliza kama labda bibi aliisikia mjini, kwa waliosoma. Alifikiri. Nilisikia kuku wake. Akasema huenda, kwa kuwa bibi alikuwa akipenda kusikiliza kila mtu, na alikuwa akisikia kitu kizuri mjini anakirudisha Makunduchi na kukivua nguo za mjini. Akaongeza, bila ya kunilaumu, kwamba mie ndiye wa kwanza katika ukoo kuuliza hadithi imepitia wapi.

Nikamwomba anisimulie kwa Kikae, anirikodie sauti, anitumie.

"Yote?"

"Yote."

"Mtu mzima wewe unataka hadithi mchana. Utaota mkia."

Lakini alikubali.

Sauti ilifika baada ya nusu saa, dakika kumi na moja. Nilikuwa nimeshateremka tutani, nakaribia tena kanisani. Niliiweka sikioni nikasimama chini ya ukuta wa kijani.

Katika hadithi ya shangazi mti ni mbuyu. Umeota juu ya mwamba, na hakuna matawi ya mjini kwa sababu hakuna mji. Sultani wa papa haumwi, ni mkewe anayeumwa. Dobi hayumo kabisa. Punda yumo, lakini ni punda wa mtu anayejulikana, jirani aliyekuwa na gari la kubebea mawe, na shangazi alicheka alipomtaja.

Nusu ya kwanza niliifuata vizuri. Kisha alianza kwenda mbio na nikaanza kuachwa. Kuna maneno mawili sikuyajua kabisa. Nimeyaandika kwenye daftari, na sitayaweka hapa mpaka yeye mwenyewe anithibitishie yanavyotamkwa, maana nimeshachoka kukosea maneno ya nyumbani kwetu mbele za watu.

Na alipofika katikati ya bahari alinyamaza.

Sekunde tano, sita. Nilidhani simu imekatika. Nilisikia kuku, nilisikia mtoto kwa mbali, na nikasikia kitu kinakwaruza kwaruza. Shangazi alikuwa anachambua mchele.

Kisha akaisema.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Mara nne. Mara ya nne niliisema pamoja naye, mdomo wangu ukizitafuta sauti ambazo ulizikataa nikiwa na miaka saba.

Mwanamke mmoja alipita na mbwa wake, akasimama langoni mwa makaburi. Aliniuliza kama niko salama, kwa kuwa aliniona nalia. Nikamwambia niko salama. Akaniuliza kama nilitaka kuingia kanisani, kwa kuwa anamjua aliye na ufunguo, ni nyumba ya pili, haichukui dakika tano. Nilitazama saa. Basi langu la mwisho lilikuwa Spilsby na nilikuwa na saa nzima ya kutembea. Nikamshukuru, nikamwambia nitarudi. Akasema nikirudi nigonge kwake kwanza, mlango wa buluu, atanitengenezea chai.

Nitarudi. Nataka kuingia mle ndani. Nataka kukaa kwenye kiti cha nyuma na kumwambia padri yule kwamba mbuyu, kwetu, ulikuwa mbuyu.

Nilipanda kilima cha Halton Holegate jua likiwa chini, nikageuka kutazama. Mashine ya kuvunia ilikuwa imewasha taa. Ile tambarare yote ilikuwa imejaa vumbi la ngano na mwanga, na kanisa lilikuwa limeshazama ndani yake, silioni tena.

Kwenye basi tulikuwa watu wanne. Simu ikatetemeka, sauti nyengine kutoka Makunduchi. Shangazi alikuwa amesahau kipande, wimbo mdogo ambao kima anauimba akiwa ameshapanda mtini, na alisema haiwezekani nilale bila ya kuusikia. Nilisahau kuweka simu sikioni. Sauti yake ikatoka kubwa, ikajaa basi zima.

"Paukwa!"

Abiria wote watatu waligeuka.

"Pakawa," nikamjibu.